Muulize Mwenyeji: Mnaokuja Pemba, tazameni mwezi kwanza

Barua za mara hii karibu zote zinauliza habari za Pemba, nami nimefurahi mno, maana wengi wakitaja Zanzibar huishia Unguja. Mimi ni mtoto wa Mkoani, mji wa bandari wa Pemba. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa madema, ile mitego ya samaki, na mama akipika chakula cha kuuza bandarini. Sasa naishi Chake Chake. Nimechagua barua sita, na nyingine nitazijibu toleo lijalo.

Mimi na mume wangu tuna likizo ya wiki moja. Mwaka jana tulikwenda pwani ya mashariki ya Unguja. Tukiamka asubuhi bahari haipo, ni mchanga na mwani tu mpaka mchana. Pemba nako ni hivyo hivyo? Na tuje mwezi gani? (Mwalimu, Dodoma)

Pole dada yangu. Kwa ulivyoeleza, mlifika siku za bamvua bila mtu kuwaambia, na hoteli iliyowapokea ilipaswa kuwaambia.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa na nguvu. Hujaa sana na hukupwa sana, mpaka tofauti ya kina ikakaribia mita 4. Hiyo ndiyo bamvua. Kwetu siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na yamejaa mnamo saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kwa dakika kama 50. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, yanakuja maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na saa zake zimegeuka, asubuhi saa nne ndiyo yamejaa. Mvuvi hahitaji jedwali, anatazama juu usiku na anajua kesho atatoka saa ngapi. Nanyi tazameni mwezi kabla ya kukata tiketi.

Kama hamu yenu ni kuogelea asubuhi na kuzamia kwa miwani na mrija kutazama matumbawe, njooni siku za maji mafu. Mkondo hauvuti sana na maji hayatibuki. Kama mnataka kutembea kwenye mwamba wa pwani, kuchungulia madimbwi yenye samaki wadogo wa kila rangi na kuwaona wanawake wakisaka pweza, njooni bamvua. Kwa wiki moja mnaweza kupata yote mawili. Fikeni siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, siku za mwanzo mtembee mwambani, siku za mwisho mzamie.

Mkienda mwambani vaeni raba ngumu, si kandambili. Kuna wanyama wa miba mirefu myeusi, na kuna samaki aitwaye taa anayejifukia mchangani. Burura mguu, usiunyanyue na kuukanyaga kwa nguvu. Taa akihisi mtikisiko huondoka mwenyewe. Na mtake mwenyeji wa kijiji hicho afuatane nanyi, maana maji yakianza kurudi hupita kwanza kwenye mifereji nyuma yenu, na mgeni hajui mpaka amezungukwa.

Kuhusu miezi, masika ya Machi hadi Mei siwashauri. Juni hadi Septemba ni kusi: hewa nzuri, usingizi mzuri, lakini upepo ni mkali na bahari ya kuvukia ina mawimbi. Desemba hadi Februari ni kaskazi, kuna joto, na pwani ya magharibi hutulia. Mimi ningechagua Oktoba, wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana na bahari inalala, kabla vuli haijashika. Februari nayo ni nzuri kama mnastahimili joto.

Tunatoka Mwanza na watoto wawili, wa miaka tisa na kumi na mbili. Wanajua kuogelea, lakini ni wa ziwani. Nataka kuwapeleka Misali ila naogopa boti, na mama mkwe wangu amenitisha zaidi kwa habari za meli zilizozama. (Mama wa wawili)

Mama mkwe wako hajakosea kuogopa. Sisi Wapemba hatujasahau Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, kaskazini ya Unguja, ikija huku, imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Karibu kila mtaa una nyumba iliyopoteza mtu. Kwa hiyo nakwambia kwa moyo wote: ukifika bandarini ukaona chombo kimejazwa kupita kiasi, usipande. Rudi, lala Unguja, panda kesho. Tiketi iliyopotea inanunulika tena.

Mkiweza, mje kwa meli ya mchana inayoshuka Mkoani. Sehemu ya Nungwi ndiyo inayolevya watu, na wakati wa kusi hata sisi tuliozoea hunyamaza pale. Wape watoto chakula chepesi kabla, mkate na chai ya tangawizi, si chipsi. Kaeni katikati ya chombo, chini, watazame nje mbali. Anayeogopa kabisa apande ndege mpaka uwanja wa Chake Chake.

Sasa Misali. Ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, hifadhi tangu 1998, hakina kijiji wala duka. Boti hutoka Wesha au Mkoani, na kuna ada ya kuingia. Kabla hujalipa nahodha, mwambie akuoneshe majaketi okozi, na kila mtoto avalishwe la kwake papo hapo, likazwe. La mtu mzima kwa mtoto wa miaka tisa humtoka kichwani akiingia majini. Nahodha akikwambia bahari leo shwari, hakuna haja, tafuta nahodha mwingine.

Watoto wa ziwani watapenda, kwa kuwa maji ya chumvi huwaelesha wenyewe. Matumbawe yako karibu na ufukwe, huna haja ya kwenda mbali. Hilo la kutokwenda mbali lishike sana. Matumbawe yakiisha, bahari inakatika ghafla: chini yako kulikuwa na bustani ya rangi, hatua chache mbele ni buluu nzito tu. Mkondo wa Pemba, baina yetu na Tanga, una kina cha mita 800 hivi. Mpaka wa watoto uwe pale wanapoona mchanga au mawe chini yao, na mtu mzima awe upande wa nje, si upande wa ufukweni.

Wavalishe fulana za mikono mirefu, jua la mgongoni mtu anayezamia halihisi mpaka usiku. Wafundishe kutokanyaga wala kushika matumbawe, ni viumbe hai na hukua polepole mno. Ufukwe wa magharibi kasa hupanda kutaga, kwa hiyo msichimbe mchanga wala msichezee mashimo mtakayoyaona. Kuna pango ambalo watu huliheshimu na kwenda kuomba dua; mkikuta vitu vimeachwa, viacheni. Chukueni maji mengi ya kunywa na chakula, na takataka zote zirudi nanyi botini.

Mimi ni kijana, mfuko wangu mdogo. Sitaki chakula cha hoteli za watalii, nataka wanachokula wenyewe, hasa pweza. Nilijaribu kumpika nyumbani akawa mgumu hatafuniki. Nile wapi na nimpike vipi? (Morogoro)

Mwanangu, barua yako imenipendeza kuliko zote, na nitakujibu kwa urefu.

Anza asubuhi sokoni, Chake, Wete au Konde. Utakuta vitumbua, chapati, mbaazi za nazi, muhogo wa kuchemsha, chai ya viungo. Kaa kwenye benchi pamoja na watu. Mchana ingia mgahawa ambamo wapagazi na madereva wa daladala wanakula, uombe wali na chukuchuku. Huo ni mchuzi wa samaki usio na nazi wala mafuta: samaki mbichi wa asubuhi, maji, chumvi, ndimu, pilipili mbichi, pengine nyanya moja na bizari kidogo. Hauna cha kuficha. Samaki akiwa wa jana unajua kwa kijiko cha kwanza, na ndiyo maana naupenda. Wageni huupita wakikimbilia vya kukaanga.

Usiulize "mna nini?" Uliza, "Leo bahari imetoa nini?" Mpishi atakwambia kweli: leo changu, leo tasi, leo vibua, leo upepo mkali hakuna kitu ila ng'onda, samaki wa kukaushwa. Siku ya ng'onda kula ng'onda, pamoja na mseto wa kunde au muhogo wa nazi. Ukilazimisha nguru siku ambayo hakuna aliyetoka, utaletewa wa kwenye barafu.

Jioni, watu wakitoka msikitini, meza za barabarani huwashwa taa. Hapo kuna pweza wa kuchemsha anayekatwakatwa mbele yako, na supu yake kwenye kikombe, ina ndimu na pilipili. Mishkaki, kachori, bajia, na baadaye kahawa chungu na kipande cha halua. Chagua meza yenye watu wengi na chakula kinachofuka moshi. Cha kupoa kilichofunikwa tangu mchana kiache. Ukija Desemba au Januari utakuta shokishoki na doriani pia. Doriani ulimalize pale pale lilipopasuliwa, kwa harufu yake kwenye nyumba ya wageni hawatakukubalia kuingia nalo.

Pweza sasa. Yeye pia hufuata mwezi. Bamvua maji yakikupwa mbali, wanawake hutoka na vyuma vyao vyembamba wakaranda mwambani. Pweza hujificha tunduni, lakini akishakula kaa na chaza hutupa maganda nje. Mama mzoefu hamtafuti pweza, anatafuta kirundo cha maganda safi mlangoni pa tundu. Huingiza chuma taratibu, pweza hukikumbatia, naye anamvuta. Kwa hiyo siku za bamvua pweza ni wengi na ni wa asubuhi ile. Siku za maji mafu huadimika, na mara nyingi ni wa kugandisha. Viko vijiji, kama Kisiwa Panza, ambavyo wenyewe wameamua kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue, kisha wanaifungua. Ukiambiwa pamefungwa, usimshawishi mtu akutolee mmoja kwa kificho. Pweza hukua haraka sana, na subira hiyo ndiyo inayowapa kina mama mzigo mzuri siku ya kufungua.

Pweza wako, nadhani, alikuwa mgumu kwa sababu hukumpiga. Pweza hupigwa. Kwetu hupigizwa kwenye jiwe tena na tena mpaka mikono yake inalegea kabisa na povu linatoka. Kama huna pa kumpigia, mgandishe kwenye friza usiku mzima kisha myeyushe. Inasaidia, ingawa si sawa. Msugue kwa chumvi uondoe utelezi wote, umsuuze mara nyingi mpaka chumvi imetoka. Mweke sufuriani na maji kidogo tu, kikombe kimoja, kwani atatoa ya kwake, mekundu. Funika, moto wa wastani. Usiongeze kitu. Choma kwa kisu pale mkono unapoungana na kichwa, pale ndipo panapochelewa. Kisu kikiingia bila kusukumwa, yuko tayari; anaweza kuchukua saa nzima, mkubwa zaidi.

Mkate vipande. Yale maji yake mekundu usiyamwage. Weka kwenye tui jepesi, pamoja na thomu (kitunguu saumu) uliyotwanga, kitunguu, nyanya, bizari na pilipili mbichi nzima. Sasa ndiyo utie chumvi, na onja kwanza kwa sababu pweza ana chumvi yake. Yakichemka na kupungua, mimina kasimele, lile tui zito la kwanza, na uendelee kukoroga upande mmoja, usiondoke jikoni hata kama simu inalia, tui likikatika halirudi. Likishika uzito na kuanza kung'aa mafuta juu, epua. Ndimu ikamuliwe sufuria ikiwa chini, si motoni. Kula na wali mweupe au mkate wa kumimina. Mama yangu akimla na muhogo wa kuchemsha, na mimi pia ndivyo nimpendavyo.

Nataka kuendesha baiskeli kutoka Chake hadi Kigomasha, nipite msitu wa Ngezi na kuona popo wakubwa. Inawezekana kwa siku moja? (Mombasa)

Inawezekana, ndugu yangu, lakini utapita kila kitu mbio. Pemba ni vilima mwanzo mpaka mwisho, unapanda na kushuka katikati ya mikarafuu na mabonde ya mpunga. Gawa siku mbili, ulale Wete au Konde. Chukua tyubu ya akiba na pampu.

Popo wako Kidike, njiani baina ya Chake na Wete. Popo wa Pemba hapatikani mahali pengine popote duniani; mabawa yakinyooshwa hufika mita 1.6. Mchana wananing'inia juu ya miti mirefu kwa mamia, wana manyoya mekundu kama mbweha, wanajipepea kwa bawa moja jua likiwa kali. Zamani tuliwala. Miti ilikatwa, bunduki zikaingia, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache sana. Wanavijiji, Kidike wakiwemo, ndio waliowalinda wakarudi kuwa maelfu. Ada ndogo unayotoa pale inahusu kazi hiyo. Nina ombi moja. Wapo wageni wanaomwambia kijana anayewatembeza apige makofi ili popo waruke wapate picha. Usifanye hivyo. Wakati huo wamelala, wapo wenye vitoto vifuani, na kila kurushwa kunawachosha bure. Subiri magharibi, wataruka wenyewe.

Ngezi iko mbele ya Konde, na barabara inapita ndani yake. Ni kipande kilichosalia cha msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mashamba ya mikarafuu. Ukitoka juani ukaingia chini ya ile mivule, unahisi ubaridi begani papo hapo. Shuka baiskeli, jiandikishe kwenye kituo cha msitu, uchukue mtembezaji. Wapo ndege wanne ambao ni wa Pemba peke yake: bundi mdogo, ninga, chozi, na yule mdogo mwenye duara jeupe machoni. Bundi anasikika giza likianza kuingia, na bila mtembezaji humpati. Basi panga kufika Ngezi alasiri, si asubuhi.

Asubuhi yake nenda Vumawimbi, ufukwe mrefu mweupe wa wavuvi, kisha mnara wa taa wa Kigomasha kwenye ncha ya kaskazini. Beba maji yako ya kunywa, na ukiogelea Vumawimbi usiende mbali, pako wazi kwa bahari kuu.

Nimepata ruhusa kazini, lakini itaangukia Ramadhani. Nije au nisije? Na nivae nini? (Arusha)

Kama unakuja kwa ajili ya bahari na msitu, njoo. Kama unakuja kwa ajili ya chakula cha mchana, ngoja. Migahawa mingi hufungwa mpaka magharibi, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani mchana ni kuwavunjia heshima watu. Kula chumbani. Lakini usiku wa Ramadhani ndipo meza hujaa kuliko wakati wowote: boko boko, tambi, kaimati, uji, samaki wa kupaka. Ukialikwa kufuturu, nenda, na ubebe tende au matunda.

Mavazi: mjini na vijijini funika mabega na magoti, mwanamume na mwanamke. Nguo ya kuogelea ni ya ufukweni tu, tembea na kanga au kikoi.

Naweza kurudi na kilo chache za karafuu kwa ajili ya ndugu zangu? Nasikia kuna sheria. (Tabora)

Ipo. Mkulima wa karafuu wa Zanzibar anauza kwa shirika la serikali, ZSTC, peke yake. Kununua kwa mtu njiani, zile unazoziona zimeanikwa kwenye mikeka, na kuzibeba kwenda nje ya kisiwa huhesabiwa magendo, na atakayeumia zaidi ni yule mkulima aliyekuuzia kwa nia njema. Nunua pakiti ndogo iliyofungwa dukani, uweke risiti yake.

Zawadi bora ni mafuta ya makonyo. Kiwanda kiko Wawi, karibu na Chake, na wageni hutembezwa ndani kuona vile vikonyo vya karafuu vikipikwa kwa mvuke mpaka mafuta yatoke. Wanatengeneza pia ya mchaichai na ya mkaratusi. Chupa ndogo inatosha, tone moja likichanganywa na mafuta ya nazi ni la kuchulia misuli. Usipake yenyewe tupu, yanaunguza ngozi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, kwa hiyo njoo na kitambaa kizito, uifunge chupa na kuisimamisha wima ndani ya mzigo. Makonyo yakimwagika kwenye nguo, utafua mara nyingi kabla harufu haijatoka.